Daftari la Wiki: Watoto na Majira ya Baridi

Katika mji wa Ottawa, makao makuu ya Kanada, jua la Januari huchwa baina ya saa kumi na nusu na saa kumi na moja na dakika kumi hivi jioni, na baridi ya nyuzi 15 au 20 chini ya sifuri haimstaajabishi mwenyeji. Lakini wazazi wengi waliohamia huko kutoka Mombasa, Unguja au Bukavu huiona kuwa adui aliyeizingira nyumba, nao hufunga milango na kuwaketisha watoto mbele ya televisheni tangu Desemba hata Machi. Siwalaumu, maana ni huruma iliyowaongoza. Ila natamani kwa moyo wote wajue kwamba mtoto aliyevishwa sawasawa huweza kucheza uwanjani, akahema hewa safi, akarejea na njaa ya halali na usingizi wa raha.

Jambo lote limo katika mavazi, wala si jambo la matajiri peke yao. Nguo iliyogusa mwili na iwe ya sufu, kwa kuwa pamba ikilowa jasho hukaa na unyevu ikampoza aliyeivaa. Juu yake sweta, na juu ya sweta koti lisilopenyeza upepo wala maji. Glavu zilizokusanya vidole vinne mahali pamoja ni bora kuliko zile zilizokitenga kila kidole, kwani vidole vikikaa pamoja hupeana joto. Aghalabu mitumba ya watoto huwa mizima, maana wenyewe hukua upesi kuliko nguo zinavyochakaa. Baridi ikishadidi, hasa penye upepo, muda wa kucheza ufupishwe, na pua, masikio na vidole vikaguliwe mara kwa mara.

* * *

Mfereji wa Rideau, uliokamilika mwaka 1832 chini ya usimamizi wa Luteni Kanali John By, ulichimbwa kwa khofu ya vita na Marekani, ili vyombo vya majini vipate njia iliyo mbali na mpaka. Vita hivyo havikuja, na tangu 1971 sehemu ya mfereji huo ipitayo katikati ya Ottawa hugeuzwa kila majira ya baridi kuwa uwanja wa kuteleza, wenye urefu wa kilomita 7.8, ambapo wazee, vijana na watoto hupita kwa viatu vyenye makali ya chuma, na kando yao vibanda huuza maandazi mapana yaliyonyunyizwa sukari na mdalasini. Mtoto anayeanza afunzwe kwanza kuanguka: akunje magoti, aangukie ubavu, na akishalala akunje ngumi, ili makali ya wapitao yasimkate vidole.

Barafu ya hapo husubiriwa ifikie unene wa sentimita 30 hivi kabla ya umma kuruhusiwa kuikanyaga. Katika majira ya baridi ya 2022 hadi 2023 haikufikia kadiri ya kutosha, na kwa mara ya kwanza tangu desturi hiyo ianze uwanja haukufunguliwa hata siku moja. Habari hiyo ilinihuzunisha, kwa ajili ya watoto walionunuliwa viatu na hawakuvivaa. Pamoja na hayo, wazazi na washike kwa nguvu kanuni hii: mtoto asikanyage barafu ya mto wala ya ziwa mpaka wenye mamlaka waitangaze kuwa salama, maana chini yake maji yaendayo huila pasipo kuonekana.

* * *

Theluji si ya namna moja. Ile inayoshuka baridi ikiwa karibu na sifuri ina unyevu kidogo, hushikana, na ndiyo ya kufinyanga matufe na kujenga ngome. Ile ya baridi kali ni kavu kama unga, haikubali kufinyangwa, lakini hufaa kwa kuteleza mlimani juu ya ubao, miguu ikitangulia, mbali na miti na barabara.

Wilson Bentley, mkulima wa Jericho katika jimbo la Vermont, aliipiga picha chembe ya theluji kwa kamera iliyounganishwa na darubini ya vitu vidogo mwaka 1885, akaendelea na kazi hiyo hata akapata picha zaidi ya 5,000 kabla ya kufariki mwaka 1931. Mtoto hahitaji vyombo vyake. Achukue kitambaa cheusi, akiache nje kipoe, akitandaze theluji inaponyesha, kisha atazame kwa kioo cha kukuzia huku amezuia pumzi. Ataona nyota za pande sita, kwa sababu maji yakiganda chembe zake hujipanga kwa mtindo huo.

* * *

Na theluji isiponyesha? Ndoo ya maji huachwa nje usiku wa baridi. Maji huganda kuanzia pembeni, na asubuhi yale ya katikati humwagwa, ikabaki taa ya barafu ambayo mshumaa huwekwa ndani yake. Wafini huzijua sana taa hizi. Kiza cha mapema nacho kina faida yake, kwani mtoto huweza kuonyeshwa Kilimia kabla ya chakula cha jioni, nyota zile zile ambazo wakulima wa pwani yetu walizitazamia msimu wa kupanda.

Siku za kutotoka, shuka nyeupe na taa moja zatosha kwa mchezo wa vivuli vya mikono. Lakini mimi napendelea vitendawili, na si vile vya zamani peke yake: watoto watakiwe kutunga vipya, juu ya theluji, buti na mfereji, na nyanya aliye Tanga au Lamu ategewe kwa simu. Asipopata jibu, basi atoe mji, kama ilivyo ada.