KAZINI NA NYUMBANI: Mashine iliyolala haiamshwi kwa haraka

Askari anayetunza bunduki yake na mama anayetunza cherehani yake wanajua jambo moja: chombo huharibika hata kinapokaa bure. Juma hili yafaa tulitazame jambo hilo katika chombo kisichosamehe uzembe, nacho ni eropleni ya zamani inayotayarishwa kuruka baada ya kufungiwa bandani majira yote ya baridi huko Uingereza.

Tuchukue mfano wa ndege iitwayo Tiger Moth. Iliruka kwa mara ya kwanza tarehe 26 Oktoba, 1931, na maelfu ya marubani wa kijeshi walijifunzia kazi yao katika ndege za aina hiyo wakati wa Vita Kuu ya Pili. Ina mabawa mawili kila upande, moja juu ya jingine. Mifupa ya mabawa hayo ni ya mbao, nayo yamevikwa kitambaa kilichopakwa dawa ya kukikaza. Injini yake ina nguvu za farasi 130. Haina stata ya umeme; mtu husimama mbele yake na kuizungusha kwa mkono rafadha, yaani propela. Hata leo ziko zinazoruka, zikitunzwa na watu binafsi na makumbusho kama yale ya Shuttleworth, huko Old Warden katika wilaya ya Bedfordshire.

Adui wa kwanza wa ndege iliyolala ni unyevu. Tangi la petroli limo katikati ya bawa la juu. Likiachwa nusu tupu, hewa iliyomo hupoa usiku na kutoa matone ya maji, nayo maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini kabisa. Petroli ya ndege hii huteremka kwenye injini kwa uzito wake yenyewe, kwa hiyo kilicho chini ndicho hutangulia. Injini ikinywa maji hayo mara tu ndege inapoacha ardhi, rubani hana kimo cha kumpa nafasi ya kugeuka. Ndiyo sababu fundi hukinga kidogo katika chupa safi, akaitazama mbele ya mwanga, na akaendelea kumwaga mpaka asione hata tone la maji.

Baada ya hapo hukaguliwa mwili. Panya hupenda kujenga viota ndani ya mabawa, na mkojo wao hula kitambaa na chuma. Vitundu vidogo vya kutolea maji chini ya mabawa hapana budi viwe wazi, la sivyo mbao zitaoza na gundi itaachia. Rafadha ya mbao huvimba na kunywea kufuatana na hali ya hewa, hivyo bolti zinazoishika hupimwa upya. Kisha mtu mmoja huketi ndani na kusukuma fimbo ya kuongozea, na mwingine hutazama nje kuhakikisha kwamba kila sehemu inakwenda upande unaotakiwa.

Injini nayo ina hatari yake. Silinda zake nne zinatazama chini, na kwa miezi ya kukaa bure oili huchuruzika polepole na kujaa ndani yake. Oili haishindiliki kama hewa. Mwenye haraka akiilazimisha injini kuzunguka, anaweza kupinda vyuma vya ndani bila kujua, na vikaja kukatika angani. Fundi mwenye subira huizungusha taratibu kwa mkono; akihisi imegoma, huacha mara moja, hufungua plagi na kuiacha oili itoke.

Hapa ndipo askari wetu watakapoitambua kanuni yao. Bunduki yoyote huchukuliwa kuwa ina risasi mpaka ithibitishwe kuwa haina. Rafadha nayo huchukuliwa kuwa hai nyakati zote. Cheche za injini hii hutoka katika magneto, wala hazihitaji betri. Swichi inapozimwa, magneto huzuiwa kwa njia ya waya mmoja tu. Waya huo ukikatika, swichi itaonyesha imezimwa, kumbe magneto ingali tayari kutoa cheche. Mtu aliyeigusa rafadha kwa kuiamini swichi anaweza kupoteza mkono au maisha. Kwa hiyo magurudumu hutiwa kabari, kwani ndege hii haikuundwa na breki, mkia hufungwa, na kila amri kati ya rubani na mzungushaji husemwa kwa sauti na kuitikiwa kwa sauti.

Yapasa ikumbukwe pia kwamba ndege haikulala peke yake. Rubani naye alilala. Sheria ya Uingereza humtaka awe ameruka na kutua angalau mara 3 katika siku 90 zilizopita kabla ya kubeba abiria. Cheti chake hakikuisha, bali mikono yake imesahau kidogo, na abiria hapaswi kuwa mtu wa kumkumbushia.

Wengi wetu hatuna eropleni, lakini tuna pikipiki iliyokaa wakati wa likizo, jenereta iliyosimama tangu umeme uliporudi, au pampu iliyowekwa stoo. Kabla ya kuiwasha, mwaga petroli ya zamani, tazama oili, izungushe kwa mkono, chungulia kama panya hawakutafuna waya, na uwaondoe watoto karibu. Ukimaliza, mwite mtu mwingine akague ulichokikagua, hata kama ni kijana wako aliye shuleni. Macho yaliyozoea chombo ndiyo hupitwa na kasoro zake upesi.

Mwenda pole hajikwai. Hadi juma lijalo.