Inavuja Wakati Gani?

Mashine ya kufulia ikianza kumwaga maji sakafuni, nyumba nyingi huanza na swali moja tu: nani kaiharibu?

Kwetu hapa Arusha ilitokea Julai, ule mwezi ambao baridi ya Meru inashuka hadi jikoni na hakuna anayetaka kutia mikono kwenye beseni. Mume wangu akaamua palepale: hela ya fundi ikatwe kwenye mshahara wa dada. Nikamwambia, baba, subiri kwanza. Tujue inavuja wakati gani.

Na wewe ukipatwa na hili, anza hivyo. Kabla ya kugusa chochote, zima soketi, chomoa plagi, funga bomba. Umeme wa volti 230 na sakafu iliyolowa si vitu vya kufanyia utani.

Inavuja wakati wa kujaza? Kagua mpira unaoingiza maji. Huenda umelegea, au kile kipete cha ndani ya kiungio kimechakaa. Kipya ni hela ndogo tu.

Inatoka kwa mbele ikiwa inazungusha? Panua mikunjo ya mpira wa mlango, futa mchanga na nywele. Kama umechanika, ubadilishwe. Ukiona povu linatoka kwenye droo ya sabuni, lawama ni za sabuni: ile ya kufulia kwa mkono ina povu jingi mno. Nunua iliyoandikwa ya mashine.

Inavuja wakati wa kutoa maji? Angalia mpira wa kutolea, kisha chujio lililo chini kwa mbele. Subiri maji yapoe, weka trei na tambara, fungua taratibu.

Letu lilikuwa hapo. Nyuzi zilizosokotana zilizuia kifuniko kisikaze. Ndani tukakuta sarafu tatu za shilingi 200 na kifungo cha suruali ya ofisini. Dada wa watu havai suruali za ofisini! Mume wangu akacheka, akaenda mwenyewe kumwomba radhi.

Maji yakitoka katikati, chini ya mashine, hapo mwite fundi. Akutajie bei kabla hajafungua, na akuonyeshe kifaa cha zamani alichokitoa.

Ila la mshahara tulichukulie kwa uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu kumkata mfanyakazi kwa hasara kienyeji. Lazima iwe ni kosa lake, apewe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Dada wa kazi naye ni mfanyakazi, jamani.

Kwa hiyo wewe na mwenzio mkubaliane leo: kila mtu apekue mifuko yake kabla ya nguo kuingia kwenye mashine, na chujio lisafishwe kila mwezi, kwa zamu. Baba naye ana zamu yake!

Tukutane mwezi ujao.