BONGO MUVI NA KAMBA ZA UONGO: STERINGI ANAFUNGWA MASAA MATATU, ANAFUNGUKA KWA SEKUNDE TATU!

Leo sina habari ya nani kaachana na nani wala nani kanunua gari la nani. Leo tuongelee kamba.

Ndiyo, kamba. Zile wanazofungiwa watu kwenye muvi zetu, kwenye tamthilia na kwenye hizi klipu fupi za kutekana zilizojaa kwenye simu. Sini yenyewe unaijua hata ukifumba macho. Gofu la nyumba, kiti cha plastiki, steringi kafungwa mikono kwa nyuma, mdomoni kitambaa. Adui anacheka weee, halafu anatoka nje kupokea simu. Sijui kwa nini kila adui wa Bongo lazima atoke nje kupokea simu. Steringi anajitikisa kidogo, kamba zinadondoka zenyewe, anasimama anapiga watu sita. Mikono misafi kama katoka saluni.

Sasa hapo tushangilie nini?

Kuna dairekta mmoja, jina kapuni, ana wafuasi kibao. Watu walimuuliza mbona kamba ya steringi wake haikuwa na hata fundo moja. Jibu lake: mashabiki wa Bongo hawaangalii vitu vidogo, wanataka ngumi. Kaka, heshima yako, ila hapo umetutukana. Sisi ni watoto wa vibanda umiza. Tumekaa kwenye mabenchi tukiangalia muvi za kila nchi kabla hata ya kumaliza darasa la saba. Uongo tunaujua, tena tunaupenda, ila tunataka mtu atudanganye kwa bidii.

Halafu kuna wa upande wa pili, na huyu ndiye ananikera zaidi. Yeye anataka "uhalisia", kwa hiyo anamfunga msanii kweli kweli. Kuna seti moja nilikuwepo, siitaji. Dada wa watu, msanii mchanga anayetafuta jina, kafungwa viwiko vikagusana nyuma. Wenyewe wakaanza kubishana kuhusu betri ya kamera, yeye yuko palepale kwenye kiti. Alivyofunguliwa alishindwa kushika simu yake, vidole havina nguvu. Watu wakacheka wakimwambia ameuvaa uhusika.

Ameuvaa uhusika? Ule ufungaji wa viwiko nyuma una jina lake, unaitwa kandoya. Uganda miaka ya 1980 Amnesty International waliuandika kwenye ripoti zao kama mateso, kuna watu mikono yao iliharibika kwa sababu yake. Na hata bila kufika huko, mkono wa juu, kati ya bega na kiwiko, kuna mshipa wa fahamu umezunguka mfupa. Kamba ikiubana, kiganja kinaweza kulegea ukashindwa kukiinua, na wakati mwingine kinachukua wiki au miezi kurudi sawa. Msanii analipwa nauli na soda, halafu unamrudisha nyumbani na mkono umelegea?

Huyo wa kwanza mvivu, wa pili mkatili, lakini ukiwaangalia vizuri ugonjwa wao ni mmoja. Hakuna aliyekaa chini akaandika steringi anatokaje. Mmoja kaiachia bahati, mwingine kauachia mwili wa msanii. Ninachosema ni hiki: sini ya kamba inaaminika kwa kuandikwa vizuri. Ukiikaza kwenye mkono wa mtu hujaandika chochote.

Na mfano upo, tena wa zamani. Kuna mtu aliitwa Harry Houdini, kazaliwa Budapest mwaka 1874, kakulia Marekani, kafariki 1926. Kazi yake ilikuwa kufungwa na kujifungua mbele za watu. Alikuwa anawaita watazamaji wenyewe wapande jukwaani wamfunge. Sasa sikia siri. Kwenye kazi hiyo, mtu anaanza kutoka wakati bado anafungwa. Anavuta pumzi anajaza kifua, anatunisha misuli, viganja anaviweka kwa namna ya kuacha nafasi kidogo. Mfungaji akimaliza anashusha pumzi, tayari kapata kaupenyo. Na kamba ndefu yenye mizunguko mingi, ile unayoona ndiyo ya kutisha, mara nyingi ndiyo rahisi kutoka, maana mfungaji hawezi kukaza kila mzunguko sawasawa.

Umeona hapo? Hiyo ni sini nzima ya bure. Tuonyeshe adui anafunga huku anaringa na kuongea sana. Tuonyeshe kifua cha steringi kimejaa pumzi, adui hajashtuka, sisi tumeshtuka. Dakika kumi baadaye akitoka, kibanda kizima kinapiga kelele kwa sababu tulikuwa tunajua kitu ambacho adui hakijui.

Mfano wa karibu zaidi ni Gerald's Game ya Netflix, mwaka 2017, imetokana na kitabu cha Stephen King. Mtu na mkewe wako kwenye nyumba ya mbali, mume kamfunga mke pingu kitandani kwa mambo yao ya ndani, halafu mume anakufa kwa moyo palepale. Muvi karibu nzima ni mwanamke mmoja kwenye kitanda. Kama hujaiona ruka mstari unaofuata. Kinachomtoa ni glasi ya maji ambayo tumeiona kwenye shelfu mapema kabisa, na anatoka kwa damu na maumivu ambayo hutayasahau. Hakuna jeshi, hakuna adui aliyetoka kupokea simu. Ni glasi, na mwandishi aliyekumbuka kuiweka.

Sasa nasikia mtu anasema "wale wana bajeti". Acha hizo bana. Glasi ni bajeti? Kufikiria ni bajeti?

Hata kamba yenyewe mngeijua. Nchi hii katani ililetwa enzi za Mjerumani, mwaka 1893, Tanga kule mashamba yake yapo hadi leo. Kamba ya katani inakwaruza na kung'ang'ania, fundo lake halilegei kirahisi. Ile ya manila ya dukani, ya plastiki, inateleza, asiyejua kufunga linamlegea. Kwa hiyo adui aliyefunga kwa manila haraka haraka, kaacha upenyo. Adui mvuvi, mtu ambaye maisha yake yote ni mafundo, huyo hatoki mtu, labda utafute kitu cha kukatia. Kuli wa sokoni anafunga tofauti na kijana wa chuo aliyelewa. Fundo tu linatuambia adui ni nani, bila yeye kuongea.

Na moto je? Kila siku naona steringi anachoma kamba kwa kiberiti nyuma ya mgongo. Plastiki ikipata moto inayeyuka inagandia ngozi. Sawa, achome, lakini basi apige kelele, aungue, na sini inayofuata tuone kafunga kitambaa. Mtu aliyefungwa muda mrefu mikono ina ganzi na mabega yamekakamaa, hasimami tu na kurusha ngumi. Mwache aangushe ufunguo mara mbili ndipo aufungue mlango. Hizo sekunde ambazo vidole vyake havimtii, na hatua za adui zinasikika nje, ndizo zinanifanya niache kula popukoni. Alama za kamba nazo zibaki mikononi hadi kesho yake, siyo sini ya pili ngozi inang'aa.

Haya yote unayafanya bila kumuumiza mtu. Kukaza ni kazi ya kamera. Piga kwa karibu sana kamba inavyovutwa, kisha legeza, msanii acheze kubanwa, analipwa kwa hiyo kazi. Tumia fundo la kuvuta ncha moja linafumuka, kama kamba za viatu, na ncha hiyo ashike mwenyewe. Shingoni kamba isipite kabisa. Mkasi wa ncha butu, ule wa manesi, uwe mfukoni kwa mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu. Kama mdomo umezibwa, mpe funguo mkononi, akiziachia zikalia, kila kitu kinasimama. Na aliyefungwa haachwi peke yake hata dakika moja, hata kama betri imeisha.

Mtaniuliza kwa nini nimekasirika hivi kwa ajili ya kamba. Kwa sababu kutekwa hapa kwetu siyo stori ya muvi peke yake. Mwaka 2017 msanii wa hip hop alichukuliwa na watu wasiojulikana akiwa studio hapa Dar, mji mzima ukawa roho juu mpaka alipopatikana siku chache baadaye. Kuna familia hadi leo zinapiga simu ya mtu wao haipatikani. Hao nao wana simu, nao wanaangalia klipu zenu usiku. Ukiwaonyesha mtu kafungwa halafu kamba inadondoka yenyewe, unawaambia mtu wao naye alishindwa tu kujitikisa.

Kwa hiyo madairekta, tena nyinyi mnaojiita wakali wa akshen, kabla hamjanunua kamba nyingine jibuni swali moja kwenye karatasi: anatokaje? Kama jibu halipo, msimfunge mtu.

Na nyie wasanii wachanga, ukiambiwa uweke viwiko nyuma "kwa uhalisia", uliza mkasi uko wapi na ameushika nani. Wakicheka, beba pochi yako uondoke.

Haya, wadau, uwanja wenu. Dondosha hapo chini sini ya kamba mbovu kuliko zote uliyowahi kuiona. Majina msitaje, tutawajua tu.