Tamko Kuhusu Nafasi ya Vijana Katika Maamuzi ya Shule na Jamii

Sisi wanachama wa chama cha wazazi, walimu na vijana waliomaliza shule, baada ya kujadiliana katika mkutano wetu mkuu wa mwaka, tunatoa tamko hili kwa bodi za shule, serikali za kaunti na wazazi wenzetu kote nchini Kenya.

Sheria zipo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inamfanya mwakilishi wa baraza la wanafunzi kuwa mjumbe wa Bodi ya Usimamizi wa shule kwa wadhifa wake. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 55, inaiagiza serikali kuwapa vijana nafasi ya kushiriki katika siasa, uchumi na mambo ya jamii. Na kwa walio chini ya miaka 18, Sheria ya Watoto ya 2022 inataka maoni yao yasikilizwe na yazingatiwe kulingana na umri na ukomavu wao.

Lakini mwakilishi huyo huitwa lini? Mara nyingi huitwa bajeti ikiwa imeshapitishwa. Anatolewa darasani, anawasalimu wajumbe, anaulizwa kama wanafunzi wana neno, anapewa soda, anarudi darasani. Ajenda hakuiona mapema, basi hakupata wasaa wa kuwauliza wenzake. Na akitoka hapo hana jibu la kuwapelekea. Kumbukumbu za kikao zitasema wanafunzi walishirikishwa. Chama chetu hakikubali maelezo hayo.

Yako mambo ambayo watu wazima hawawezi kuyajua wasipoambiwa. Mwaka 2001 wanafunzi 67 waliangamia katika moto wa bweni katika shule ya upili ya Kyanguli, Machakos. Madirisha yalikuwa na vyuma na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Hatudai kwamba mjumbe mmoja kwenye bodi angeuzuia moto ule. Hata hivyo, anayelala bwenini ndiye ajuaye ni mlango upi hufungwa usiku, ufunguo hukaa kwa nani, na vitanda vimebanana kiasi gani. Mkaguzi huja mchana.

Nje ya shule hali ni hiyo hiyo. Vikao vya umma kuhusu bajeti ya kaunti huitishwa aghalabu asubuhi ya siku ya kazi, mwanafunzi akiwa darasani na mwendesha bodaboda akiwa stejini. Kijana aliyebahatika kufika hupewa kazi ya kupanga viti.

Kwa hiyo tunataka baraza la wanafunzi lichaguliwe kwa kura ya siri, si kuteuliwa na walimu. Ajenda na makadirio ya fedha yamfikie mwakilishi wiki moja kabla ya kikao, kwa lugha anayoielewa. Pendekezo la vijana likikataliwa, sababu iandikwe na isomwe mbele yao. Kukataliwa si kosa, kunyamaziwa ndiko kunakokera. Na mwanafunzi atakayesema chakula ni kibovu asije akaitwa mchochezi. Kaunti nazo ziweke angalau kikao kimoja cha bajeti siku ya Jumamosi.

Sisi wenyewe tunaanza. Kuanzia muhula ujao, mwanachama wetu yeyote aliye kwenye bodi ya shule hatatia saini kumbukumbu zisizoonyesha mwakilishi wa wanafunzi alisema nini na alijibiwa nini.