Baiskeli si Adhabu ya Aliyekosa Nauli

Tangu nistaafu ukuu wa shule, neno ninaloambiwa mara nyingi kuliko yote ni "pole". Sipewi pole kwa kufiwa wala kwa kuugua. Napewa pole kwa kuonekana juu ya baiskeli. Vijana niliowafundisha, ambao leo ni wakubwa wenye magari, hupunguza mwendo, hushusha kioo na kusema, "Shikamoo Mwalimu. Pole Mwalimu. Panda twende, baiskeli tutaifunga nyuma." Nawashukuru, maana wamelelewa vema. Lakini nikiwaeleza kwamba sikukosa nauli, kwamba nimetoka Nassa juzi na ninalizunguka bonde la mto Simiyu na mto Duma kwa sababu tu nataka kuliona, hunitazama kwa huruma ya namna nyingine kabisa, ile wanayopewa wazee ambao akili zao zimeanza kuchoka.

Basi naandika kurasa hizi kwa ugomvi, na sitaki msomaji adhani vinginevyo. Nagombana na fikra iliyoota mizizi miongoni mwetu tuliosoma, kwamba baiskeli ni chombo cha kungojea kupata kitu kingine. Mtu huanza na miguu, akapata baiskeli, akapanda cheo akanunua pikipiki, kisha gari, na huko nyuma asirudi tena ila ameanguka. Kwa fikra hii Mzungu apitaye barabara ya Mwanza na Musoma akiwa na mikoba pande zote mbili za keria ni mtalii, na watoto humkimbilia. Mimi nikipita njia ile ile na mfuko wangu wa viazi vya kuchemsha, ni mstaafu ambaye kiinua mgongo chake kimeliwa.

Ajabu ni kwamba fikra hii imeingia Usukumani, nchi ambayo baiskeli iliijenga. Enzi za Victoria Federation, chama kikuu cha ushirika kilichoundwa mwaka 1955 chini ya Paul Bomani, mkulima aliyevuna pamba vizuri alifikiria ng'ombe kwanza, na baada ya ng'ombe baiskeli. Mtu mwenye baiskeli alisikilizwa barazani. Baadaye tukawa na baiskeli zetu wenyewe za Swala, zilizoundwa Dar es Salaam. Juu ya keria za baiskeli hizo zilipita debe za mahindi, madumu ya maji, magunia ya mkaa, wagonjwa waliofungwa kwa kanga wasianguke, na mabibi harusi. Wenzetu wa Shinyanga waliita baiskeli za kubeba abiria "daladala", bila kuona haya wala kutania. Ni lini basi tuliambiana kwamba chombo hiki ni aibu? Sikumbuki azimio lolote lililopitishwa.

Na kama ni suala la aibu ya kusafiri kwa nguvu za mwili, nitauliza swali moja. Mwezi Oktoba 1967 Mwalimu Nyerere alitoka kwao Butiama kwa miguu hadi Mwanza, mwendo wa zaidi ya kilomita mia mbili kwa upande wetu huu wa ziwa, akienda mkutano mkuu wa TANU na kuunga mkono Azimio la Arusha. Nani alimwambia pole kwa kukosa gari? Watu walitoka kumlaki kwa maelfu kwa kuwa walielewa kwamba mtu anayekwenda polepole anawaona, na wao wanamwona.

Hapo ndipo penye faida ambayo wenye magari hawaipati, na nitaieleza kwa mfano wa udongo, maana ndio niujuao. Toka Lamadi hadi Bariadi kuna lami, kilomita 72 hivi. Kwa gari ni muda mfupi sana, na ukifika huna la kusimulia ila bei ya nauli. Toka pembeni mwa lami hiyo kwa baiskeli, na kabla ya saa sita mchana magurudumu yatakuwa yamekufundisha somo zima la kilimo. Kwenye luseni, ule mchanga mwepesi wa miinukoni, usukani unacheza na unashuka kusukuma. Kwenye itogolo, ardhi ngumu iliyokazana, unakwenda kama uko sakafuni. Kwenye mbuga, ule udongo mweusi, wakati wa kiangazi unarukaruka juu ya nyufa, na mvua ikinyesha robo saa tu huendi popote: tope linajaa kati ya tairi na madigadi hadi gurudumu linagoma, nawe unakaa chini unakwangua kwa kijiti. Nilifundisha watoto majina hayo kwa miaka mingi ubaoni. Wangeyajua kwa wiki moja kama ningewapeleka kwa baiskeli, nasi tungeokoa chaki nyingi.

Lakini hoja yangu kubwa haiko hapa Nassa. Kwa kuielewa inabidi msomaji aje nami kusini, nilikopelekwa na Wizara nikiwa mkufunzi kijana wa chuo cha ualimu. Huko ndiko nilikoona njia nzuri ya baiskeli kuliko zote nilizopata kupanda katika nchi hii, na haikutengenezwa kwa ajili ya baiskeli.

Mwaka 1947 Waingereza walianzisha ule mpango wao mashuhuri wa karanga. Walikusudia kulima Kongwa, Urambo na Nachingwea ili Uingereza ipate mafuta ya kula baada ya vita. Kwa ajili ya Nachingwea walijenga reli kutoka Mkwaya, kwenye hori la Lindi, ikipanda na bonde la mto Lukuledi hadi kwenye mashamba; kisha wakajenga bandari ya Mtwara na kuiunganisha na reli hiyo. Mpango wa karanga ulikufa mwaka 1951. Mamilioni ya pauni yalipotea, trekta zikabaki kutu, na reli ikabaki bila mzigo wa kutosha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafungwa, na vyuma vikang'olewa. Kilichobaki ni tuta.

Tuta hilo ndilo nililolipanda. Wakati huo lilikuwa limekaa bila treni takriban miaka ishirini, na wanakijiji walikuwa wameligeuza njia yao kwa vipande vipande. Siku ya kwanza sikuelewa kwa nini sichoki. Barabara ya magari ya kule ilikuwa inapanda kilima na kushuka bila huruma, lakini juu ya tuta la reli nilikwenda saa nzima bila kusimama juu ya pedali hata mara moja. Baadaye nilimwuliza mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kutengeneza njia ya reli, naye akanieleza kwa kijiti mchangani. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma huteleza kwa urahisi. Kwa hiyo treni haiwezi mlima. Mwinuko wa meta moja kwa kila meta hamsini tayari ni mkali kwa injini yenye mzigo. Ndiyo sababu mhandisi wa reli hulazimika kukata kilima kinapoinuka na kujaza bonde linapozama, na kona zake huwa pana, na kila mkondo wa maji huwekewa daraja au karavati. Gharama yote hiyo hulipwa kwa ajili ya udhaifu wa treni. Na mwenye udhaifu ule ule, msomaji wangu, ni mtu aliye juu ya baiskeli.

Kwa maneno mengine, kila tuta la reli iliyokufa ni barabara ya baiskeli iliyokwisha kulipiwa. Tulikuwa nayo Lukuledi. Tulikuwa nayo pia kutoka Msagali kwenda Kongwa, reli nyingine ya karanga, na kule Usambara ambako Wajerumani walijenga reli nyembamba ya milimani kutoka Tengeni hadi Sigi, chini ya Amani. Tumezifanyia nini? Tumeziacha ziote miiba.

Wale wale Waingereza waliotujengea na kutung'olea walifunga reli nyingi za kwao katika miaka ya 1960, baada ya ripoti ya Beeching ya mwaka 1963. Wao hawakuziacha zote zife. Kati ya Bristol na Bath, kuanzia mwaka 1979, watu wa kujitolea walianza kusawazisha njia ya reli iliyofungwa, na ilipofika mwaka 1986 ilikuwa imekamilika, maili 13 hivi. Wahispania nao tangu mwaka 1993 wana mpango wa taifa wa kugeuza reli zilizofungwa kuwa njia za miguu na baiskeli. Hawa ni watu wenye magari kutushinda mara nyingi. Hawakufanya hivyo kwa kukosa nauli.

Najua nitaambiwa kwamba hayo ni mambo ya watu walioshiba. Nakataa. Aliyeshiba anaweza kuishi bila njia ya baiskeli, maana anaipanda Jumapili tu. Asiyeweza kuishi bila njia hiyo ni mtoto wa sekondari ya kata anayeondoka nyumbani gizani akiwa na kilomita nane mbele yake. Mwangalie kwenye lami yetu. Basi likipiga honi nyuma yake halimwambii "jihadhari", linamwambia "toka". Naye akitoka, anashuka kwenye kingo, kwa sababu lami imewekwa tabaka juu ya tabaka mpaka imezidi ukingo kwa kiganja kizima. Akijaribu kurudi juu, gurudumu la mbele linakamatwa na kingo na anaanguka katikati ya barabara. Katika miaka yangu ya ukuu wa shule nilisimama kwenye makaburi mawili ya wanafunzi waliogongwa wakiwa kwenye baiskeli. Wote wawili walikuwa upande wao wa kushoto. Kwenye mazishi yote mawili alisimama mtu mwenye dhamana akahimiza wanafunzi wawe waangalifu barabarani. Waangalifu! Kana kwamba wao ndio waliopima upana wa lami.

Sasa nakuja kwenye jambo ambalo lingali linaweza kuamuliwa. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Katika mkoa wetu wa Simiyu inapita Malampaka, wilayani Maswa. Juni 2021 liliwekwa jiwe la msingi la reli mpya ya kiwango cha kimataifa kati ya Mwanza na Isaka, kilomita 341. Siipingi, nitaipanda nikijaliwa. Ninachouliza ni hiki: siku ambayo reli ya zamani itastaafu kama nilivyostaafu mimi, tuta lake litakuwa la nani? Swali hili huulizwa mapema au haliulizwi kabisa. Niliwahi kuliuliza katika semina moja, na mtaalamu mmoja alinijibu kwa upole kwamba "kwa sasa suala hilo halijafikia hatua hiyo". Nimefanya kazi serikalini miaka ya kutosha kujua tafsiri yake. Maana yake ni kwamba litafikia hatua hiyo siku vigingi vya viwanja vitakapokuwa vimechomekwa.

Wako wanaonipinga kwa hoja nzito zaidi. Mmoja, mwalimu mwenzangu ninayemheshimu, aliniuliza kama nataka kumwondoa mkulima aliyepanda mazao kandokando ya reli ili wastaafu wapite wakitazama ndege. Hapana. Njia ya baiskeli ni meta mbili, tuseme tatu pale ambapo mama mwenye mzigo wa kuni itambidi apishane na mtu mwenye keria pana. Juu ya tuta lenyewe, lililojaa kokoto, mazao hayastawi hata hivyo. Mwingine alisema bodaboda wataiteka njia yote kwa wiki moja. Hapo kuna ukweli. Hakuna nguzo ipitishayo baiskeli na kuzuia pikipiki, na asemaye ipo hajawahi kumwona kijana wa Lamadi akiwa na haraka. Atakayemzuia ni serikali ya kijiji kwa sheria ndogo na faini, kama ambavyo vijiji vyetu vimezuia ng'ombe kuingia kwenye chanzo cha maji. Mahali ambapo kijiji kimelala, bodaboda atapita, na hata hapo heri mtoto akutane na pikipiki kuliko lori la tani thelathini.

Ila hoja ya "nani atapita" siijibu tena. Simama Malampaka alfajiri siku ya mnada uhesabu baiskeli.

Ninachotaka kiandikwe ni kifupi: kwamba popote reli itakapoacha kutumika, ardhi ya tuta ibaki njia ya umma, isigawanywe, isiuzwe, isikodishwe, hata kama hapatakuwa na fedha za kumwaga kifusi kwa miaka kumi. Tuta linaweza kungoja. Madaraja ya Lukuledi yalingoja muda mrefu kuliko hapo. Kisichoweza kungoja ni mipaka, maana nilipoondoka kusini mikorosho ilikuwa imekwisha pandwa katikati ya njia pale udongo ulipokuwa mzuri, michanga bado, ikiwa na seng'enge kuizunguka, na kila mwenye mkorosho alikuwa na karatasi yake kutoka ofisi fulani.