Uchungu wa Hopsi na Chungu cha Malwa

Kwenye vilabu vya malwa, pombe ya wimbi, huko Mulago, Kampala, chungu hukaa katikati, watu hukizunguka na mirija yao mirefu, na kila kinapopungua mtu huongeza maji moto kutoka kwenye birika. Jioni moja, kijana aliyerudi kutoka Uingereza alitua kwenye chungu chetu na mkebe wa kupikia bia nyumbani: shira nzito ya kimea, pakiti ya hamira, na maelezo ya kupata lita 23. Kwapani alikuwa na mfuko wa hopsi, yale maua makavu ya kijani yanayoipa bia uchungu wake. Alitaka kuongeza hopsi kwenye mkebe, basi. Lakini birika halijazunguka mara ya pili, kila mwenye mrija amekuwa fundi.

Wa kwanza alisema hopsi ndiyo inayolewesha. La, ssebo. Kilevi hutokana na sukari inapoliwa na hamira. Ukimimina mfuko mzima, bia itakuwa chungu kama shubiri na nguvu yake itabaki karibu ileile. Anayetaka kali zaidi aongeze kimea.

Mzee mmoja, ambaye siku hiyo alikuwa na chupa yake ya bia ya Nile Special pembeni, akasema kinywaji kisicho na hopsi si bia, na malwa ni uji uliochacha tu. Hoja hii ina asili yake: mwaka 1516 watawala wa Bavaria waliamuru bia ipikwe kwa shayiri, hopsi na maji peke yake. Ila hiyo ni sheria ya nchi yao. Waingereza walikunywa bia isiyo na hopsi kwa karne nyingi na hawakuiita uji. Hata uchungu wenyewe haukugunduliwa Ulaya. Wachaga huutafuta kwenye gome la msesewa wanapopika mbege, na Waethiopia kwenye majani ya gesho. Tonto ya Baganda nayo haina hopsi kabisa: ndizi za mbidde zilizoiva hukamuliwa kwa nyasi, maji yake yakatiwa mtama uliokaangwa na kusagwa, yakaachwa yachache kwenye mtumbwi wa mbao. Na mzee akishika sheria ya 1516 kwa ukamilifu, itabidi aikane pia Eagle, bia ya mtama ambayo Nile Breweries ya Jinja ilianza kuiuza mwaka 2002. Nilimkumbusha hilo, akageukia mrija.

Dai lililoniudhi zaidi ni la kijana mwenyewe, kwa sababu lingemharibia kazi. Alidhani ukichemsha shira yote pamoja na hopsi muda mrefu, harufu itazidi. Kinyume chake ndicho kweli. Ndani ya hopsi mna vitu viwili vyenye tabia tofauti. Kimoja ni asidi za alfa, ambazo hugeuka kuwa uchungu zikichemka kwa muda, saa nzima hivi. Cha pili ni mafuta yenye harufu, nayo hupanda na mvuke. Saa moja jikoni, na majirani wote watakuwa wameinusa bia yako kabla yako. Zaidi ya hayo, mikebe mingi ya namna hii imekwisha kutiwa hopsi kiwandani. Uchungu umo tayari. Kinachokosekana ni harufu. Basi achemshe gramu 20 au 30 kwa dakika tano tu, kwenye maji yenye shira kidogo, achuje, amimine kwenye pipa. Au asubiri hamira imalize kazi, atumbukize hopsi kavu ndani ya kitambaa kilichochemshwa, aiache siku tatu hadi tano. Asiharakishe kutia kwenye chupa baada ya hapo, kwani hopsi kavu huweza kuiamsha hamira ikaanza kula upya, na chupa iliyozibwa mapema hupasuka.

(Kama angetaka uchungu zaidi, akumbuke pia yuko Kampala, mita 1,200 hivi juu ya bahari. Maji huchemka kwenye nyuzi 96 hivi, na uchungu hutoka polepole kidogo kuliko kitabu kinavyosema.)

Hapo ndipo mama mwenye klabu akauliza: kama hopsi huzuia pombe isiharibike, kwa nini asitie kwenye malwa yake isichachuke siku ya tatu? Swali zuri, lakini jibu ni hapana. Ni kweli hopsi huwazuia bakteria wengi wa asidi ya maziwa, ndugu wa wale wanaogandisha mtindi. Lakini malwa huishi kwa bakteria haohao. Unga wa wimbi huchachushwa kwa siku kadhaa, ukakaangwa, ukaanikwa, kisha ukatiwa kimea cha wimbi na kuchacha tena. Ile ladha kali inayofanya mtu arudi kwenye mrija ni kazi yao. Akitia hopsi atakuwa amewafukuza wapishi wake. Wala hopsi haiui ukungu au hamira ya porini, kwa hiyo haimwondolei mtu yeyote wajibu wa kuosha pipa.

Na je, kuipanda hopsi yenyewe kwenye mteremko wa Mulago? Hopsi huhitaji siku ndefu za kiangazi ili itoe maua vizuri, na hapa jua hukaa saa 12 mwaka mzima.

Jambo moja hakuna aliyelisema, na ndilo nililomwekea mkazo kijana wakati tunaondoka. Machicha ya malwa hapa tumezoea kuwamwagia nguruwe na kuku. Mabaki ya hopsi asiyamwage uani hata kidogo: mbwa akiyala joto la mwili humpanda ghafla, na anaweza kufa. Ayafukie kwenye shimo lenye kina.