Jembe Si Tusi

Naikataa tafsiri iliyozoeleka ya methali "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Wengi huitumia kumfukuzia mgeni. Lakini anayefukuzwa hapewi jembe. Hupewa anayekaa, na alimaye ana fungu katika mavuno.

Wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972 walipewa ardhi Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Wakalima, wakauza mazao. Kuanzia 2014 wengi wao wakakabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania. Hilo ndilo jembe.

Kumfungia mkimbizi kambini, kumnyima shamba na kazi, kisha kumwita mzigo, ni kumpokonya jembe na kumlaumu kwa njaa yake. Ampaye mgeni paa bila jembe hajamhifadhi, amemweka rumande.